Mama aache letrozole kwa sababu kolesteroli imepanda? Usithubutu!

Mkuu, salamu baadaye. Umeandika kwamba mama alishakoma hedhi, saratani yake ya titi ni ER+ (ile inayokuzwa na homoni ya estrojeni), anameza letrozole 2.5 mg kila siku, kipimo kimetoa LDL (kolesteroli mbaya) 4.6 mmol/L, na sasa, baada ya kuona klipu ya mtu mmoja, mnataka kusitisha vidonge "kolesteroli isije ikalisha saratani", aanze juisi ya kitunguu saumu na limau.  Hilo la vidonge najua linakoishia.

Jamaa wa hiyo klipu kaokota nusu ya habari, na nusu habari ndiyo inayoua. Ni kweli, mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walionyesha kwenye panya kwamba mwili hugeuza kolesteroli kuwa kitu kinachoitwa 27HC, nacho hujipachika kwenye vipokezi vya estrojeni na kukuza uvimbe. Alichoruka ni kwamba estrojeni yenyewe inapita mlango huohuo, tena kwa nguvu kubwa kuliko hiyo 27HC. Mwanamke aliyekoma hedhi bado anatengeneza estrojeni kwenye mafuta na misuli kwa kimeng'enya cha aromatase, na letrozole kazi yake ni kukizima. Ukiiacha, umemkimbia paka ukamfungulia chui. Ila jamaa juisi kauza.

Na LDL imepanda kwa nini? Estrojeni husaidia ini kuvuta LDL kutoka kwenye damu. Ikishuka, LDL inabaki ikizunguka. Halafu kama alikuwa kwenye tamoxifen (dawa nyingine ya saratani ya titi) kabla ya letrozole, tamoxifen yenyewe hushusha LDL, kwa hiyo sehemu ya huko kupanda ni kule kuiacha tu.

Kanuni ni moja: LDL inatibiwa kwa dawa yake, letrozole haiguswi. LDL mnaishusha kwa ajili ya moyo na kiharusi. Statini (dawa za kushusha kolesteroli, kama atorvastatin na simvastatin) si tiba ya saratani ya titi, asikudanganye mtu. Mwombeni daktari apime pia TSH (kipimo cha tezi ya shingo) na sukari, maana tezi hiyo ikilegea hupandisha LDL kimyakimya. Atorvastatin huweza kutumika pamoja na letrozole. Siku akiongezewa ribociclib (dawa nyingine ya saratani ya titi), simvastatin haifai kabisa: inajaa kwenye damu, misuli inavunjika, figo zinaumia.

Sasa hapa ndipo wengi wanapotupa dawa zote mbili. Letrozole hukaza viungo: vidole na magoti asubuhi, vikilegea akishatembeatembea. Maumivu ya statini hukaa zaidi kwenye nyama, mapaja na mabega, pande zote mbili. Akishindwa kutofautisha, apimwe CK (kipimo cha damu kinachoonyesha misuli ikiumia) kabla ya kulaumu chochote. Mkojo ukiwa rangi ya kola, hospitali saa hiyohiyo, msisubiri asubuhi.

Kitunguu saumu nakipenda sana, kwenye pilau. Kingekuwa kinatibu saratani, wapishi wa harusi wangekuwa maprofesa.

Vidonge vyote, na mitishamba mnayomficha daktari, vitieni kwenye mfuko mmoja mumpelekee mfamasia. Kama mama amesharuka siku mbili tatu, leo ameze kimoja tu kama kawaida, asimeze vitatu kufidia, na kliniki waambiwe.