Vidonda vya tumbo: dozi niliyoikatisha siku ya sita

Miaka minne nilitembea na vidonge vya magnesiamu mfukoni kama mtoto anavyotembea na pipi. Maharage niliacha, pilipili niliacha, chungwa nikawa nalitazama tu. Saa nane za usiku chembe cha moyo kinawaka, natafuna viwili, nashushia maziwa, nalala. Mama mkubwa alikuwa na jibu lake: "Mwanangu, hayo ni mawazo."

Usimcheke. Hadi miaka ya 1980 madaktari wakubwa nao walisema hivyo hivyo, mawazo na tindikali. Waliowabishia ni Waaustralia wawili wa hospitali ya Royal Perth, Robin Warren na daktari kijana Barry Marshall. Tangu 1979 Warren alikuwa akiona kwenye darubini bakteria waliojipinda, wameganda kwenye vinyama vilivyotolewa tumboni mwa wagonjwa. Kuwaotesha ndiyo ikawa kazi. Visahani vya kuoteshea vinakaa siku mbili, hakioti kitu, vinatupwa. Pasaka ya 1982 watu wakaenda mapumziko, visahani vikabaki kwenye joto kama siku tano. Kurudi, wameota! Kumbe ni mdudu wa taratibu. Leo anaitwa Helicobacter pylori.

Wengi walibaki wanabisha, basi mwaka 1984 Marshall akachanganya bakteria kwenye kikombe akanywa mwenyewe. Siku chache baadaye anatapika na mdomo unanuka; siku ya kumi akaingizwa mpira wa kuchungulia tumboni, tumbo limevimba kwa ndani. Nobeli walipewa wote wawili, 2005.

Mdudu huyu anaishije kwenye tindikali? Anatengeneza amonia, anajizungushia, makali yanakufa pale alipo. Kwa hiyo magnesiamu yangu ilikuwa inatuliza moto tu, mwenye nyumba hana habari.

Nilipopima choo na kukutwa naye, nilipewa dozi ya siku 14: antibayotiki mbili pamoja na omeprazo, dawa ya kupunguza tindikali, asubuhi na jioni. Mdomo ulikuwa kama nimelamba sarafu kutwa nzima. Siku ya sita maumivu yakaisha, nikaona nimepona. Vilivyobaki nikampa jirani aliyekuwa analalamika tumbo. Ndiyo, nilifanya hivyo, na sijivunii. Miezi mitatu haikupita, saa nane za usiku ikarudi. Daktari hakunigombeza, alibadilisha dawa tu na kunieleza kuwa bakteria waliobaki huenda wameshaizoea ile ya kwanza. Safari hii nilimaliza hadi kidonge cha mwisho, na kila nilichomeza nilikiwekea alama kwenye kalenda ya jikoni.

Halafu nikakosea tena. Nilikimbilia maabara ya mtaani, nikatobolewa kidole, majibu: bado unao. Nusura nilie. Kumbe kipimo kile cha damu kinatafuta kinga ambayo mwili ulijitengenezea, na hiyo hubaki miezi mingi hata mdudu akishakufa. Ukitaka kujua kama umepona, pima choo, angalau wiki nne baada ya kumaliza antibayotiki, na omeprazo uwe umeiacha wiki mbili. Mwambie daktari kabla hujaiacha.

Tena si kila kidonda ni cha mdudu. Dada yangu alipimwa, hana. Chake kilitokana na diklofenaki, vidonge vya maumivu alivyokuwa anameza kila siku kwa ajili ya mgongo, bila hata kula. Na ukiona choo cheusi kama lami, au umetapika damu, achana na makala yangu, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Kipimo changu cha choo kilitoka safi. Jumapili iliyofuata nilikula maharage kwa mama mkubwa, nikawa namsimulia habari za Marshall na kikombe chake. Alisikiliza hadi mwisho, akaweka mwiko chini.

"Na mkewe alimwachia tu?"

Nikamwambia mke aliambiwa baada ya kikombe kuisha.