Kupunguza vichwa vya risasi kutoka inchi 0.314 hadi 0.309

SWALI: Habari za kazi, fundi. Naishi Texas na hujaza risasi zangu mwenyewe nyumbani kwa ajili ya kulenga shabaha. Nimepata kalibu ya .303 British inayotoa vichwa vyenye kipenyo cha inchi 0.314, lakini bunduki yangu ni .308 Winchester. Nikivipitisha kwenye dai (kifaa cha chuma chenye tundu la kipimo maalumu) hadi 0.309, vitafaa au nitaviharibu?

JIBU: Salama, ndugu yangu. Kuvipunguza inawezekana, ila si kwa mkupuo mmoja, na kabla hujanunua dai yoyote pima kwanza mtutu wako. Hakikisha bunduki haina kitu, toa bolti (komeo linalofunga nyuma ya chemba), paka mafuta ndani ya mtutu, kisha chukua chubwi laini ya kuvulia samaki iliyo nene kidogo kuliko tundu. Igonge kwa fimbo ya shaba mpaka itokee upande wa pili, halafu pima migongo iliyoachwa na mifuo, yaani vifereji vya mzunguko vilivyochongwa ndani ya mtutu. Tumia mikromita, vernia haiaminiki kwenye tofauti ndogo namna hii. Ukipata 0.308, kichwa chako kiwe 0.309 au 0.310. Kikiwa chembamba kuliko mtutu, gesi ya moto hupenya pembeni, hukila, na madini ya risasi yaliyoyeyuka hugandia kwenye mifuo. Hapo shabaha imekwisha.

Sasa kazi yenyewe. Pitisha vichwa kwenye dai ya 0.311, halafu ya 0.309. Dai za kusukuma zenye uzi wa 7/8-14 (kipenyo cha inchi 7/8, nyuzi 14 kwa inchi) huingia kwenye presi ya kawaida ya kujazia, huna haja ya mashine nyingine. Vipake grisi kabla, maana kichwa kikavu hukwama na kuacha utando wa risasi ndani ya dai. Uzito haubadiliki, lakini kichwa hurefuka kidogo na vifereji vyake vya grisi hubanwa. Baada ya kila hatua, kigeuze ukitazame kitako kwenye mwanga. Ukiona ukingo umechomoza ncha upande mmoja, kirudishe kwenye sufuria ya kuyeyushia, kwa sababu kitako ndicho cha mwisho kuachana na mtutu na kikienda upande, kichwa nacho huenda upande.

Mchanganyiko wa madini una neno lake pia. Madini ya risasi yasiyochanganywa ni laini, ugumu wake ni kama 5 kwa kipimo cha Brinell, nayo hupita kwenye dai bila shida. Risasi ya herufi za matbaa, yenye antimoni asilimia 12 na bati asilimia 4, hufika karibu 22. Hiyo hujitanua tena kidogo ikishatoka kwenye dai, kwa hiyo pima kilichotoka, usitegemee namba iliyoandikwa kwenye dai. Kama huwa unavigumisha vichwa kwa kuvitumbukiza majini vikiwa moto, vipunguze siku hiyohiyo, kabla havijakomaa.

Osha mikono kwa sabuni ukimaliza, na usile wala kunywa hapo mezani. Na kwa wasomaji wa Kenya na Tanzania: kutengeneza risasi bila leseni ni kosa la jinai, jibu hili si ruhusa.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni pua. Dai hugusa tu sehemu iliyo nene kuliko tundu lake. Pua ya kalibu za .303 mara nyingi hutengenezwa ikae juu ya matuta (sehemu zilizoinuka kati ya mifuo) ya mtutu wenye tundu la 0.303, na lako ni 0.300. Mwili utakuwa sawa, ila pua inaweza kukwama. Tengeneza risasi moja isiyo na baruti wala fataki, uiingize chemba polepole. Bolti ikikataa kufunga, usiilazimishe, wala usikizamishe kichwa zaidi ndani ya ganda bila jedwali la ujazaji linaloruhusu, kwani shinikizo hupanda. Ikifika hapo, mimi ningeiuza kalibu hiyo na kununua ya .30.