Shangazi, tangu aanze dei kea mtoto haponi, na bosi amenichoka

Shangazi shikamoo,

Nina mtoto wa kiume wa miezi 11. Dada aliyekuwa anamlea aliomba ruhusa ya kwenda kwao sikukuu, hakurudi. Ndipo tukampeleka dei kea ya jirani hapa Kimara, Dar es Salaam, akiwa na miezi 8. Tangu hapo hatujapumua: mafua, kuhara, macho mekundu, homa, kikohozi, halafu mafua tena. Mimi ni karani wa hesabu kwenye kampuni moja Posta, katikati ya jiji. Kila wakinipigia kwamba mtoto anachemka lazima niombe ruhusa, na juzi bosi kaniambia mbele ya wenzangu nichague moja, kazi au mtoto. Hata kliniki ya miezi 9 ilinipita, niliogopa kuomba ruhusa nyingine. Mume wangu ni fundi umeme kiwandani Ubungo, yeye anasema niache kazi. Mama mkwe anataka mtoto apelekwe Singida akae naye. Tena kuna siku nilimpa dawa ya homa alfajiri, joto likashuka, nikamwacha dei kea bila kusema kitu. Siku nzima ofisini moyo ulikuwa juu. Hivi mimi ni mama wa aina gani? Niache kazi?

Mama J., Kimara

Marahaba mwanangu. Pole sana, na pole nyingine kwa kusemwa mbele ya watu.

Mtoto wako hana mkosi, hajaonewa kijicho, na maziwa yako hayajaisha nguvu, hata kama majirani wameshaanza kukuletea habari hizo. Kinga aliyozaliwa nayo kutoka kwako hupungua sana anapovuka nusu mwaka, na ya kwake anaijenga kwa kuugua na kupona. Alipokuwa nyumbani na dada, alikuwa anashikwa na watu wachache walewale. Sasa anashinda chumba kimoja na kundi la watoto wanaopokezana midoli iliyolowa mate. Mtoto mdogo aliye kwenye kundi la namna hiyo anaweza kupata mafua mara 8 hata 10 kwa mwaka, na kikohozi cha mafua huweza kukaa wiki 2 au 3 kabla hakijaisha. Piga hesabu mwenyewe, uone kama kuna wiki inayobaki. Kwa watoto wengi mwaka wa kwanza ndio mgumu, kisha wanazoea.

Hilo la dawa ya alfajiri usilirudie. Wazazi wengi wa mjini wamelifanya na hawalisemi, wewe angalau umelisema. Lakini dawa ya homa inashusha joto saa chache tu, ugonjwa uko palepale. Ikifika saa nne asubuhi mtoto anachemka mikononi mwa mlezi asiyejua kama keshapewa kitu, naye kwa huruma anampa dozi nyingine juu ya ile yako. Na kwetu huku homa inaweza kuwa malaria, ukiifunika asubuhi unachelewa kumpima. Mtoto akiwa na homa apimwe, kipimo cha haraka ni tone la damu kidoleni na dakika chache za kusubiri. Asibahatishiwe dawa ya malaria, wala usimnunulie antibayotiki za duka la dawa kwa sababu ya mafua. Haziui virusi vya mafua, zitamharisha bure.

Utaratibu wa kawaida ni huu. Mafua mepesi, hana homa, anakula na kucheza: aende. Ana homa: abaki nyumbani mpaka siku nzima ipite bila joto na bila dawa. Anaharisha au anatapika: abaki, apewe ORS (ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji, ya kurudisha maji mwilini) na zinki, maziwa yaendelee, arudi siku mbili baada ya kuacha. Macho yanatoa tongotongo nzito za njano: mpeleke akaonwe kwanza. Ila akishindwa kunyonya, akitapika kila anachopewa, akipata degedege, akilegea asiamke vizuri, au mbavu zikiwa zinabonyea ndani anapovuta pumzi, usisubiri kukuche. Kwa umri wake mhesabie pumzi dakika nzima akiwa ametulia: zikifika 50 au zaidi, ni hospitali. Akishatimiza mwaka, hesabu ni 40.

Kliniki nayo uifanye wiki hii. Ya miezi 9 ndiyo ya chanjo ya surua na rubela, na surua ikiingia kwenye dei kea haina mchezo. Kuchelewa si sababu ya kujificha, nenda na kadi, watamchoma. Mafua mepesi hayazuii chanjo.

Halafu siku moja ufike pale dei kea saa wasiyokutarajia, usimame mlangoni kidogo. Angalia pua zinafutwa na nini. Nimewahi kumwona mlezi mmoja, mwema kabisa, mwenye upendo, akipita mstari mzima wa watoto kwa pindo lile lile la khanga: wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka mwisho. Angalia wanaponawa mikono baada ya kubadilisha nepi, na kama kila mtoto ana kikombe chake. Mpelekee wako vitambaa vyake vyenye alama na uombe kwa upole. Usiende kwa shari, maana huyo ndiye atakayebaki na mwanao ukishapanda mwendokasi.

Sasa, nimeisoma barua yako mara ya pili nikimtafuta baba wa mtoto. Nimemkuta sehemu moja tu, pale anaposema uache kazi. Mwanangu, yeye yuko Ubungo, wewe uko Posta. Mtoto yuko Kimara. Gari la kutoka Posta kwenda Kimara linampita yeye njiani! Inakuwaje simu inakuja kwako? Nahisi ile fomu ya dei kea ina namba moja, yako. Kesho asubuhi iandikwe ya kwake, tena ya kwanza.

Usimwendee kwa kulaumu. Huenda hajawahi kufikiri kwamba yeye naye anaweza kuomba ruhusa kwa ajili ya mtoto mgonjwa, na huko kiwandani hajaona mwanaume akiomba. Sheria haijali jinsia kwenye hili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa, awe baba au mama, siku zisizopungua 4 zenye malipo mtoto wake anapougua. Ni siku 4 katika mzunguko wa miezi 36, na humo humo zimo za misiba ya ndugu wa karibu, kwa hiyo ni chache mno. Wabunge walioipitisha nadhani watoto wao walikuwa wameshakua. Lakini zako 4 na zake 4 ni 8, na mpaka sasa zinazoonekana kutumika ni zako tu. Zikiisha kuna likizo ya mwaka, siku 28. Mwombeni kila mmoja mwajiri wake aikate vipande badala ya kuimaliza mara moja.

Kuna haki nyingine ambayo sijaiona kwenye barua yako. Mama anayenyonyesha anaruhusiwa muda wa kunyonyesha ndani ya saa za kazi, mpaka saa 2 kwa siku. Kutoka Posta huwezi kwenda Kimara mchana ukarudi, hilo tunalijua wote. Basi pendekeza kwa maandishi kwamba saa hizo uzichukue mwisho wa siku, utoke mapema. Wakikubali nusu yake tu, bado utamkuta mtoto jua halijazama.

Kwa huyo bosi, usiende na sheria mkononi siku ya kwanza. Omba dakika kumi, faragha, siku ambayo mtoto ni mzima. Mwambie mtoto yuko kwenye kipindi cha maradhi ya kuanza dei kea, mmegawana zamu na baba yake, kazi za kufunga mwezi utazimaliza kabla ya tarehe, na ukiwa nyumbani utapatikana kwa simu saa fulani mpaka saa fulani. Mabosi wengi kinachowaudhi zaidi ni kushtukizwa saa mbili asubuhi. Kila ruhusa iwe na ujumbe wa maandishi, na karatasi ya hospitali uitunze, kwa sababu ukikosekana bila taarifa utaitwa mtoro na hapo sheria haitakuwa upande wako. Akikufukuza kwa sababu umetumia haki ambayo sheria imekupa, huo si uachishaji halali. Una siku 30 za kupeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Natumaini hamtafika huko.

Kuacha kazi? Si sasa, na si wiki ambayo hujalala. Kaeni wawili na karatasi: mshahara wako, toa ada ya dei kea, toa nauli, toa fedha za hospitali, kisha weka na michango ya NSSF, mfuko wa pensheni, itakayokatika. Mkishagawana zamu kweli, miezi kadhaa ikapita, ukaona bado moyo wako unataka kukaa na mtoto, hiyo ni hiari yako na sitakupinga. Ninalolikataa ni wewe kuacha ajira ili kumaliza tatizo ambalo mwenzio hajaligusa.

Mama mkwe amekusudia mema, ila mtoto wa miezi 11 bado ananyonya, na anashauriwa anyonye mpaka afikishe miaka 2. Singida ni mbali na titi. Mgeuzieni ombi: aje yeye. Mume wako ndiye ampigie, ni mama yake. Amkatie tiketi ya basi mpaka Dodoma, pale apande treni, akae nanyi kipindi hiki ambacho mtoto hajatulia. Akija, siku za homa mtoto ana bibi nyumbani, na nyie mnaenda kazini. Na akiwa anafunga mizigo, asisahau kuku wa kienyeji wa huko kwao. Mtoto anayetoka kuugua anatakiwa aongezewe mlo mmoja kwa siku kwa wiki kama 2, na wewe pia, kwa jinsi ulivyoandika, hujala vizuri siku nyingi.