Tan wa Singapore, Chen wa Beijing: ni ukoo mmoja?

Ndugu yangu, umeuliza kama Tan, jina la baba mkwe wako wa Singapore, lina undugu na Chen wa Beijing. Mara nyingi ndilo lile lile: Wahokkien (Wachina wenye asili ya kusini mwa Fujian) hutamka Tan, Wakantoni (wa Guangdong) Chan. Ila usiziamini herufi za Kilatini. Mwombe mzee akuandikie kwa Kichina. Akiandika 陳 (siku hizi 陈), ndio wenyewe. Ule upande wa kulia, 東, ni "mashariki". Akiandika 譚, huo ni ukoo mwingine kabisa, ingawa kwa matamshi ya Beijing hao ndio wanaoitwa Tan!

Ukoo wa 陳 hujinasibisha na Gui Man, aliyepewa nchi ya Chen na mfalme Wu wa utawala wa Zhou, karne ya 11 KK, pale Huaiyang, jimbo la Henan. Nchi ilipomezwa na dola jirani ya Chu, watu wakabaki na jina lake. Kwamba Gui Man alitoka kwa Shun, mfalme wa hadithi za kale, mimi nayachukua kama masimulizi tu.

Mwezi wa nne, siku ya Qingming, sikukuu ya Wachina ya kuwakumbuka wahenga, fuatana na wakwe zako kufagia makaburi. Mawe ya zamani mara nyingi yamechongwa juu jina la kijiji au wilaya ya asili. Lipige picha, kisha ulizia kitabu cha nasaba cha huko.