Kabla hujanunua Datsun 240Z yenye hadithi, soma namba zake

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Mombasa alinitumia picha nne za Datsun 240Z nyekundu, na ujumbe mfupi: "Kaka, mwenye gari anasema lilikimbia Safari Rally ya 1971. Nimlipe?" Nilikaa na simu mkononi muda mrefu. Maneno hayohayo niliambiwa mimi, Arusha, miaka sita iliyopita, na nililipa.

Sikulaumu kwa kutamani, mdogo wangu. Sisi tuliokua tukisimuliwa na baba zetu walivyosimama kando ya barabara siku za Pasaka, wakisubiri vumbi litokee, tunajua uzito wa gari hili. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo. Mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakarudia, tena baada ya kulingana pointi za adhabu na dereva Harry Källström. Gari ambalo soko lake kubwa lilikuwa Marekani lilikuja kushinda kwenye tope la kwetu. Basi kila 240Z inayopatikana huku imevishwa hadithi ya Safari. Lile lililoshinda 1971 liko Japani, katika hazina ya magari ya kale ya Nissan, kampuni iliyotengeneza Datsun, mjini Zama. Hakuna atakayekuuzia hilo.

Aliyeniuzia mimi ni mzee wa heshima zake. Alinitolea picha ya gari lililojaa matope, namba ya usajili haisomeki, akaniapia kwamba injini haijawahi kubadilishwa. Nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini.

Siku ya tatu fundi wangu alisugua injini kwa dizeli na brashi. Upande wa plagi, huku nyuma karibu na silinda ya 6, chini kidogo ya silinda hedi, pamegongwa aina ya injini na namba yake. Tulisoma: L28. Sasa sikiliza. 240Z ilitoka kiwandani na L24, injini ya ujazo wa cc 2393. L28 ni cc 2753, na ilikuja na 280Z ya 1975. Injini ambayo haijatengenezwa haikimbii Safari ya 1971. Nilitoka nje nikakalia tairi, sikusema kitu. Nilipompigia yule mzee alikata simu. Tunakutana misibani mpaka leo, na hanipi mkono.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: soma namba. Wa pili ni uleule, soma namba, ila safari hii ya chasisi. Imegongwa kwenye bati linalotenganisha injini na sehemu ya abiria. Ikianza na S30 peke yake, hiyo ni Fairlady Z, jina la gari hili katika soko la Japani, yenye injini ya L20. PS30 ni toleo liitwalo Z432, yenye injini ya S20, na hiyo ni adimu mno. HLS30 ni usukani wa kushoto, nyingi zilikwenda Marekani. HS30 ni usukani wa kulia, ndiyo zilizokuja kwetu, Uingereza na Australia, na ni chache zaidi kwa mbali.

Langu ni HS30. Namba ya kwenye bati inalingana na ya kwenye kibao kilicho chini ya boneti. Tena mlango wa nyuma una matundu mawili ya hewa, alama ya magari ya mwanzo. Mwaka 1971 yalihamishiwa kwenye nguzo za pembeni, pamoja na nembo ya duara yenye Z. Nililiwa kwa hadithi ya uongo, lakini nilikuwa na gari la kweli uani, na muuzaji mwenyewe hakulijua!

Miezi ya kuzungukia mafaili ya usajili siisimulii. Iliniishia kwa binti wa mwenye gari wa kwanza, mama mtu mzima sasa, aliyeniambia baba yake alikuwa mkulima wa kahawa na alilitumia kwenda Moshi kila Ijumaa. Hakuna mashindano. Nililia kwa furaha mbele yake, siogopi kusema. Vijana, heshimuni ukweli wa gari kuliko sifa zake. Gari la mkulima lenye historia iliyonyooka nalithamini kuliko la mashindano lisilo na ushahidi.

Kwa hiyo kijana wa Mombasa, usimlipe bado. Chukua brashi, piga picha sehemu mbili nilizotaja, nitumie leo.

Na wewe mwenye gereji Moshi, Nakuru au popote: kibao changu bado kina namba ya L24 iliyotoka nalo kiwandani. Ukiwa na bloku (mwili wa injini) ya L24 imelala kwenye vyuma chakavu, usiipeleke kwenye mizani. Niandikie namba yake kwanza.