Shangazi wa Bustani: Jani la Saruji na Sahani za Mama

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nilitengeneza bakuli la saruji kwa jani la gimbi, nikalianika juani likauke upesi. Siku ya tatu likapasuka katikati. Chungu nilichotengeneza siku hiyohiyo kimesalimika, ila ua nililopanda ndani yake linageuka manjano ingawa nalimwagilia kila asubuhi. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Jua ndilo lililokuponza. Tumezoea kusema saruji "inakauka", lakini saruji haikauki kama udongo wa mfinyanzi. Inashikana kwa maji, na inaendelea kuyahitaji siku nyingi baada ya kuwa ngumu mkononi. Jua likiyanyonya mapema, uso unasinyaa wakati ndani bado hamna nguvu, na ufa unapita palipo pembamba. Bakuli langu la kwanza lilipasuka vivyo hivyo, kando ya mshipa mkubwa, na niliumia kweli maana jani lile nilikuwa nimelisubiri wiki nyingi likue.

Anza upya kivulini. Lundika mchanga wenye unyevu kama kichuguu kidogo, ufunike kwa nailoni. Laza jani mgongo ukitazama juu, kwa sababu mishipa imetokeza upande huo. Changanya saruji kipimo 1 na mchanga uliochekechwa vipimo 3, maji kidogo kidogo, mpaka ukiufumbata ubaki donge bila kuchuruzika. Vaa glavu, tafadhali. Saruji mbichi inaunguza ngozi, na maumivu huja umeshamaliza kazi. Bandika kutoka katikati kwenda pembeni, unene wa sentimita 2 katikati na 1 ukingoni, wala usivuke ukingo wa jani, maana hapo ndipo bakuli linapopoteza sura yake. Funika kwa nailoni siku 2, kisha ligeuze taratibu kwa mikono miwili na ubandue jani. Vipande vitakavyong'ang'ania viache vioze, utavisugua kwa burashi baadaye. Sasa lizungushie gunia lililoloa, na gunia lisikauke wiki nzima. Saruji hupata nguvu yake ya kutegemewa baada ya siku 28 hivi.

Siku hiyo dondoshea maji ukingoni, uinamie utazame. Tone linafuata mfereji mwembamba kama uzi, linaingia kwenye mkubwa, linateremka hadi pale kikonyo kilipokuwa. Mimi sijawahi kuchoka kulitazama. Ukitaka ndege waje kuoga, kina kisizidi sentimita 5, na maji yabadilishwe kila baada ya siku 2 ili mbu wasizaliane humo.

Kuhusu ua, angalia majani. Yakiwa manjano huku mishipa imebaki kijani, ni chokaa ya saruji mpya: inaingia kwenye udongo, mizizi inashindwa kupata madini ya chuma. Hamishia ua kwenye udongo mpya, na chungu ukizamishe kwenye maji wiki 2, ukiyamwaga na kuweka mengine kila baada ya siku chache. Je, ulitoboa tundu chini? Kama hukutoboa, huko kumwagilia kila asubuhi pia kunaozesha mizizi. Chomeka kidole kwanza; ukikuta unyevu, acha.

SWALI: Shangazi, rangi niliyopaka kwenye mawe ya bustani inabanduka kila mvua ikinyesha. Nifanyeje?

JIBU: Jiwe lilikuwa na vumbi au unyevu ulipopaka. Lisugue, likauke siku kadhaa, upake rangi ya nje. Jiwe lililozama nusu udongoni litaendelea kunyonya maji kwa chini, kwa hiyo liinue juu ya kokoto.

SWALI: Shangazi, marehemu mama aliniachia sahani za maua ya buluu. Nyingi zilivunjika tulipohama, na vipande nimevitunza kwenye boksi miaka 4. Nataka kuvipachika kwenye njia ya bustani. Dada yangu anasema kukanyaga vyombo vya mama ni kumkosea heshima, tena nyumba itafanana na jalala.

JIBU: Pole, mwanangu. Nianze na jalala. Huko Chandigarh, India, mkaguzi wa barabara aitwaye Nek Chand alianza mwaka 1957 kukusanya vyombo na vikuku vilivyovunjika, akajenga bustani ya sanamu kwa siri, baada ya saa za kazi. Wakubwa waliigundua takribani miaka 18 baadaye, ikanusurika kubomolewa, na mwaka 1976 ikafunguliwa kwa watu wote. Yeye alikuwa akichambua na kupanga. Wewe una buluu moja. Ibaki hiyohiyo, usiichanganye na chupa wala matairi.

Kuhusu njia, dada yako yuko sahihi, na saruji inamuunga mkono: sahani ni nyembamba kwa mguu, na zikiloa zinateleza. Zipandishe ukutani, nyuma ya benchi mnalokalia jioni. Vipande vikubwa vifunge kwenye kitambaa kizito ndipo uvigonge nyundo, macho ukiwa umeyakinga. Acha nafasi ya milimita 3 hadi 5 kati ya kipande na kipande, na kingo kali zizame kwenye saruji ya kujazia.

Ila kabla ya kuchanganya chochote, mwite dada yako. Mwageni boksi sakafuni, mpange vikavu, wawili ninyi, hata ikichukua siku 3. Kipande chenye ua zima mwachieni yeye achague pa kukiweka.