Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Doctor Anamkwepa Jack?

SWALI: Mambo vipi mzee wa safu, mi nimeanza kuangalia Doctor Who (ile tamthilia ya Uingereza ya msafiri wa wakati anayeitwa Doctor) juzi juzi tu, nimefika sizoni ya tatu ile ya 2007 na kuna kitu kimenikwaza. Captain Jack kamtafuta Doctor miaka yote hiyo, anakuja mbio na begi mgongoni (ndani ya begi kuna mkono wa Doctor kwenye chupa, sijui hata niseme nini), anadandia TARDIS, lile boksi la buluu analosafiria Doctor, kwa nje, afu Doctor badala ya kufurahi anamwangalia kama mtu aliyekuta nyoka ndani ya kiatu. Si walikuwa marafiki? Kosa lake ni kutokufa tu?
Mgeni wa Boksi la Buluu

JIBU: Karibu mgeni, umechelewa ila umeingilia mlango mzuri. Jibu la haraka Doctor mwenyewe analitoa humo humo kwenye episodi ya "Utopia", kwamba Jack amekuwa kitu kisichosogea ndani ya wakati, na kwa Bwana wa Wakati, yaani mtu wa jamii ya Doctor, hata kumtazama tu ni kazi. Mi jibu hilo nalikubali nusu. Ngoja turudi nyuma.

Mwisho wa sizoni ya 2005 Jack anauliwa na Dalek, wale maadui wa Doctor wenye miili ya chuma, kule kwenye stesheni ya angani, mwaka 200,100. Amekufa kabisa, hakuna utani. Muda huo huo Rose, msafiri mwenza wa Doctor, ameufungua moyo wa TARDIS na nguvu yote ya wakati imemwingia, anawageuza Dalek vumbi, afu anamrudishia Jack uhai. Sasa Rose ni binadamu, nguvu hiyo hana breki zake, alitaka tu jamaa aamke akajikuta kamwamsha jumla, siku ile na siku zote zitakazokuja. Doctor anamtoa Rose ile nguvu isimuue, inamchoma yeye mpaka anabadilika mwili, mwigizaji Eccleston anatoka Tennant anaingia. Ila kabla hata ya kubadilika ameshawasha boksi na kuondoka, Jack anafika mbio anakuta TARDIS ndo inayeyuka mbele ya macho yake.

Jack akajaribu kurudi karne ya 21 kwa kile kidude chake cha mkononi, kikamtupa 1869 na kikaungua. Basi akaishi hivo hivo. 1892 akagombana na mtu pale Ellis Island, akapigwa risasi ya moyo, akaamka, ndo akajua ana tatizo. Vita vya kwanza vikapita, vya pili vikapita, akalishwa sumu, akakanyagwa na farasi, yeye yupo tu anasubiri Doctor aje Cardiff kujaza nishati manake pale kuna ufa wa wakati.

Sasa hiyo ya kutosogea. Kwenye episodi ya Pompeii ya 2008 Doctor anamwambia Donna, msafiri mwenzake wa wakati huo, kwamba kila sekunde akiwa macho anaona kilichopo, kilichokuwepo, kinachoweza kuwepo na kisichotakiwa kuwepo. Hachagui, vinamjia tu kama sisi tunavyosikia kelele za watu. Mi naelewa hivi: akikutazama wewe anaona unatikisika, kuna njia unakufa kesho, kuna njia unazeeka na meno yameisha, vyote vipo kwa pamoja. Akimtazama Jack hakuna kinachotikisika. Ni kama umeingia chumba kila mtu anapumua kasoro mmoja, na huyo mmoja ndo anayekutabasamia anataka kukukumbatia.

Afu nukta zisizosogea kwa kawaida ni matukio, mlipuko wa Pompeii ni mmoja wapo, kifo cha Adelaide Brooke, mkuu wa kituo cha Mirihi, 2059 ni kingine. Tukio unaweza kulikwepa, unawasha chombo unaenda zako. Jack ni nukta yenye miguu, tena anakukimbiza. TARDIS yenyewe ilishtuka ikakimbia mpaka mwaka trilioni 100 ili imdondoshe, jamaa akafa njiani akiwa ameng'ang'ania, wamefika Martha, msafiri mwenza wa Doctor sizoni hiyo, anahangaika kumpa huduma ya kwanza, mara jamaa anavuta pumzi.

Sasa kwa nini nakubali nusu tu? Rudia kuangalia pale kwenye chumba cha mionzi, humo humo "Utopia". Kuna mtu ameshafia humo, lazima mwingine aingie kukaza vile vyuma ili roketi ya wakimbizi iondoke, na anayefaa ni mmoja tu. Jack anaanza kuvua nguo, Doctor anamwambia mionzi hiyo inaua mwili haigusi nguo, Jack anamjibu kwamba bila nguo anapendeza. Afu kabla hajaingia anamuuliza, umejua tangu lini? Na Doctor anakiri alijua tangu ile siku aliyomkimbia.

Hapo ndo pa kusimama ndugu yangu. Alijua. Hakumsahau, hakuchanganyikiwa, aliona rafiki yake kaharibika akawasha gari. Mazungumzo yote yanayofuata wanayafanya kwa kioo cha mlango, mmoja ndani anakaza vyuma kwenye mionzi, mwingine nje anaeleza eti maumbile yake hayamruhusu. Jack anamtania kwamba huo ni ubaguzi, na Doctor anakiri hakuwahi kuuwaza hivo. Mi hapo sioni mtu anayeogopa kutokufa, naona mtu ana deni na mdai wake kamkuta. Kumbuka pia waliosababisha ni Rose na TARDIS, watu wake mwenyewe, na Rose keshampoteza kwenye ulimwengu mwingine. Kila akimwona Jack anaiona ile siku.

Ushahidi wangu ni huu. Episodi mbili mbele, baada ya ule mwaka wa mateso ambao Jack kashinda minyororoni, Doctor anamwomba wasafiri wote na ni Jack anayekataa. 2008 Jack yumo ndani ya TARDIS ile ile iliyomkimbia, anasaidia kuiendesha wakiivuta Dunia irudi mahali pake, na hakuna anayetapika. Jack hajabadilika hata chembe, bado ni kitu kile kile. Kwahiyo aliyezoea ni nani?

SWALI: Kama ile Sura ya Boe, lile kichwa kikubwa cha kale ndani ya tangi, ndo Jack mwenyewe, mbona Doctor alikaa nayo mpaka inakata roho bila kuhisi chochote?
Mbishi wa Kawaida

JIBU: Swali la kishabiki, nalipenda. Jack anatoa tu fununu mwisho wa sizoni ya 2007 kwamba utotoni kwao Boeshane walimpa jina hilo, Doctor na Martha wanabaki midomo wazi, basi, tamthilia haikugonga muhuri. Ukiikubali, elewa kwamba Boe anakufa, na kinachokufa si kitu kilichoganda milele, labda baada ya mabilioni ya miaka hata hiyo nguvu ya Rose inachakaa. Jack mwenyewe alishaanza kulalamika ana mvi. Mi naamini ni yeye, ila sitagombana na mtu.

SWALI: Ashildr, yule binti wa Kiviking, naye hafi, mbona Doctor wa Capaldi (mwigizaji wa baadaye) hamwambii kwamba ni kosa la maumbile?
Sijamaliza Sizoni

JIBU: Kwa sababu huyo alimfanya yeye mwenyewe, 2015, kwa kifaa cha tiba cha adui. Kinamponya tu kila akiumia, hana uzito ule wa Jack. Ila angalia bado anakataa kumchukua, sababu anayotoa safari hii ni kwamba watu wanaoishi sana wakikaa pamoja wanasahau thamani ya vitu, wanahitaji wale wa maisha mafupi wawakumbushe. Safari hii hajataja maumbile kabisa, na boksi limeondoka bila abiria vile vile.